Msuli Unapigwa, Alama Hazipandi: Kutafuta Tatizo Unapojisomea Biolojia ya CLEP

Simu huingia usiku, mtu akiwa ndiyo kwanza ametoka zamu. "Kaka, nimesoma miezi minne na bado naona giza. Biolojia hii hainitaki." Huwa sibishani naye. Namuuliza tu amefika mada gani. Jibu ni lile lile karibu kila mara: seli. Miezi minne, bado yuko kwenye seli, na sasa anaurudia utando wake mara ya tatu.

Mtu huyu akili anayo na biolojia anaiweza. Kilichoharibika ni mpango, naye anautibu kwa kuongeza saa za kusoma, kama mtu anayejaza mafuta gari lenye pancha. Kwa hiyo hapa nimepanga mambo kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, angalia chanzo chake, rekebisha hicho kwanza. Usimeze dawa zote kwa mpigo.

Kwa anayeanza, CLEP ni mitihani ya College Board ya Marekani, iliyoanza mwaka 1967, inayomwezesha mtu kupata krediti za chuo (vipimo vya kozi vinavyohesabiwa kuelekea shahada) bila kukaa darasani muhula mzima. Pepa ya biolojia ina maswali kama 115 ya kuchagua jibu, kila moja likiwa na machaguo matano, na unapewa dakika 90. Alama zinaanzia 20 hadi 80. Baraza la elimu la huko, ACE, linapendekeza 50 iwe alama ya kupata krediti, na hiyo 50 si asilimia ya maswali uliyopata. Ni alama iliyokokotolewa upya kwa mizani yao. Silabasi ina mafungu matatu yanayolingana: molekuli na seli asilimia 33, mimea na wanyama 34, jamii za viumbe (ikolojia, evolusheni, tabia) 33. Kariri mgawanyo huo kabla hujakariri kitu kingine chochote. Nusu ya matatizo yaliyo hapa chini yanatokana na kuusahau.

Dalili: umefaulu, krediti haionekani

Naanza na hili ingawa hutokea mwisho, kwa sababu ukilikosea utakuwa umekesha bure. Lilinikuta mimi. Nilifaulu, nikatuma matokeo, chuo kikanipa krediti za somo la hiari. Nilichohitaji kilikuwa sayansi yenye maabara. Mshauri wa masomo aliniangalia kwa huruma akaniambia ningeuliza mapema. Kweli, ningeuliza.

Kila chuo kina sheria zake. Pendekezo la ACE ni pendekezo. Chuo kinaweza kudai alama ya juu zaidi, kikatoa krediti 3 badala ya 6, au kikakataa kabisa. Programu nyingi za uuguzi zinataka anatomia na fiziolojia pamoja na maabara, na biolojia ya CLEP haizibi pengo hilo hata ukipata 80. Vyuo vingi vya udaktari navyo vinataka biolojia ya darasani yenye maabara. Anayenufaika zaidi ni yule anayehitaji sayansi ya jumla kwa shahada ya biashara, ualimu, kompyuta na kadhalika.

Dawa yake ni barua pepe moja kwa msajili wa chuo, yenye maswali matatu: mnataka alama ngapi, inachukua nafasi ya kozi gani na krediti ngapi, na je, suala la maabara linakwisha au linabaki? Jibu likija kwa maandishi, lihifadhi. Jibu la kwenye simu halihesabiki. Aliyekujibu anaweza akahama kazi kabla hujamaliza kusoma.

Dalili: umeganda kwenye seli

Chanzo ni kitabu. Vitabu vya biolojia ya mwaka wa kwanza huanza na atomu, maji, wanga, protini, kisha seli, na ikolojia huja mkiani. Kile cha bure cha OpenStax, toleo la pili, kina sura 47, na ikolojia inaanza sura ya 44. Msomaji mwangalifu anayekataa kugeuza ukurasa kabla hajaelewa kila mstari anaishia sura ya 10 akiwa hoi. Ameijua theluthi moja ya mtihani vizuri mno, na zile theluthi mbili hajawahi kuziona.

Tumelelewa hivyo. Mwalimu wa kidato cha kwanza alikuwa anamaliza mada, anatoa jaribio, anaenda mbele. Yeye alipewa miaka minne kumaliza silabasi. Wewe una kama wiki kumi na mbili.

Rekebisha kwa kuanza sehemu tatu kwa wakati mmoja. Juma moja liwe na kipindi cha seli, kipindi cha mimea au wanyama, na kipindi cha ikolojia au evolusheni. Itakuudhi wiki mbili za mwanzo, utaona kama unaruka ruka. Vumilia. Utashangaa jinsi mada zinavyoitana: ukisoma mzunguko wa kaboni kwenye ikolojia utaikuta usanisinuru, na ile usanisinuru ya kwenye seli uliyokuwa unaiogopa inaanza kuwa na sababu ya kuwepo.

Na usibishane na namba zisizo na maana. Daftari lako la zamani linasema glukosi moja inatoa ATP (molekuli za kubeba nishati) 36 au 38. Vitabu vya sasa vinasema kama 30 hadi 32. Kuna mtu aliwahi kupoteza Jumamosi nzima akitafuta nani mkweli. Jua hatua zinatokea wapi, nini kinaingia, nini kinatoka, na kwa nini oksijeni inahitajika mwishoni. Songa.

Dalili: unatafuta pasti pepa na huzipati

Sisi tuliofanya mitihani ya taifa tulijengwa na pasti pepa. Miaka kumi nyuma, unazifanya zote, unaingia chumbani ukijua hata mtindo wa mtunzi. Basi mtu anafika kwenye CLEP, anatafuta za miaka iliyopita, anakosa, na anadhani hajui kutafuta.

Hazipo. College Board haichapishi mitihani iliyotumika. Inachouza ni mwongozo wake rasmi wenye maelezo ya mtihani na maswali ya mfano. Anayekuuzia "maswali halisi" kwenye kundi la WhatsApp ama anakutapeli, ama anakuingiza kwenye wizi wa mtihani unaoweza kufuta matokeo yako. Mpite.

Badala ya pasti pepa tumia vyanzo viwili au vitatu tofauti vya majaribio, na kile rasmi ukiweke akiba hadi wiki tatu za mwisho. Wengi hukifanya siku ya kwanza "kujipima", wakapata alama mbaya wasiyoweza kuitafsiri, na kipimo chao kizuri kuliko vyote kikawa kimeshatumika. Kwa anayetaka kozi nzima bila malipo, shirika la Modern States lina masomo ya mtandaoni yaliyopangwa kwa ajili ya CLEP, na ukimaliza linatoa vocha ya kulipia mtihani. Ada ya kituo unachofanyia ni jambo la pembeni, iulizie huko huko kituoni.

Dalili: unasoma, unaelewa, kesho yake peupe

Ukiona kitabu chako kimejaa wino wa njano, umeshajua chanzo. Kupitia maneno kwa macho kunaleta hisia tamu ya kujua. Mwaka 2006, Roediger na Karpicke walionyesha jambo hili wazi: wanafunzi waliorudia kusoma matini walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki waliokumbuka zaidi ni wale waliofunga matini wakajaribu kuiandika kutoka kichwani. Mtihani wako hauko dakika tano zijazo.

Kwa hiyo, kila kipindi kigawe mara mbili. Nusu ya kwanza soma. Nusu ya pili funga kitabu, chukua karatasi tupu, andika au chora ulichokumbuka, kisha fungua usahihishe kwa kalamu nyekundu. Ile nyekundu ndiyo masomo yako ya kesho. Kesho kutwa chora tena, halafu baada ya wiki.

Wengi wetu tunasahau kwamba tuna kifaa kimoja Wamarekani hawana. Mtihani ni wa Kiingereza, ndiyo, lakini jaribu kumweleza mke au mume, mama, hata mtoto, jambo hilo kwa Kiswahili. Kiingereza kinakuruhusu kujificha nyuma ya istilahi. Unaitamka vizuri, unajiona umejua. Kiswahili hakikupi maficho. Usanisinuru: kusanisi kwa nuru, basi utaulizwa kunasanisiwa nini. Vinasaba: vitu vya nasaba. Ukikwama unapoeleza, umepata pengo lako, na umelipata jikoni bila kulipa ada. Shemeji yangu aliwahi kuniuliza, "Sasa kama seli zote zina vinasaba vilevile, kwa nini jicho si ini?" Nilikuwa nimesoma udhibiti wa jeni mara mbili. Nilibaki nimeshika mwiko.

Dalili: ratiba haivuki wiki ya pili

Ratiba yangu ya kwanza niliichora kwa kalamu za rangi nne nikaibandika kwenye friji. Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja asubuhi, kusoma. Niliiga prepu ya shule ya bweni. Tatizo ni kwamba nilikuwa nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Saa kumi na moja ya siku za zamu niko kazini, huyu anataka choo, yule anataka kugeuzwa. Saa kumi na moja ya siku za mapumziko, mwili uliokesha wiki nzima unadai usingizi wake. Ratiba ilidumu siku tatu. Mwanangu akaja akachora samaki juu ya Alhamisi.

Niliita uvivu. Haukuwa uvivu, nilimpangia ratiba kijana wa bweni ambaye hayupo tena.

Anza na karatasi ya zamu. Andika wiki mbili zilizopita, si zijazo, saa kwa saa: kazi, safari, kulala, kupika, kanisani au msikitini, simu za nyumbani (hizi zihesabu, zinakula muda kuliko unavyodhani). Angalia ni saa ngapi zilibaki kweli. Kwangu zilibaki saa 6 kwa wiki. Wiki 12 mara 6 ni saa 72. Nikatoa 12 za majaribio na masahihisho, zikabaki 60, yaani saa 20 kwa kila theluthi ya silabasi. Hapo ndipo nilipoona upuuzi wa kuipa seli miezi minne.

Ukishapata namba yako, fanya mambo mawili tu. Kwanza, wiki moja kati ya kila nne iache wazi, isiwe na mada mpya. Kuna msiba utatokea, kuna mtoto ataumwa, kuna mwenzako atakuomba umshikie zamu. Pili, uwe na kipindi kidogo cha dharura cha dakika 15: kadi ishirini za swali na jibu kwenye basi, au mchoro mmoja wa meiosisi. Siku mbovu unafanya hicho unahesabu umesoma.

Ukikuta saa zako ni 2 kwa wiki, ongeza miezi. Usiongeze ahadi.

Dalili: mimea inakuchosha, unairuka

Hii iko sana kwa wanaofanya kazi za afya. Wanajua moyo, figo na homoni, na wanaamini biolojia ni mwili wa mtu. Mtihani unaweka mkazo kwenye mimea inayotoa maua kama unavyoweka kwa wanyama wenye uti wa mgongo, na anayeiruka anaacha alama mezani.

Chanzo chake ni kwamba mimea tunafundishwa kama orodha ya majina. Ipe sura za mimea unayoijua. Chukua urutubishaji maradufu, mada inayowashinda wengi. Chavua inapeleka mbegu mbili za kiume. Moja inaungana na yai, linatokea zigoti lenye seti mbili za kromosomu. Ya pili inaungana na viini viwili vya katikati, linatokea tabaka la chakula lenye seti tatu, endospermu. Sasa kumbuka dafu. Yale maji unayokunywa ni endospermu ya kimiminika, viini vinaelea bila kuta za seli. Nazi ikikomaa, ile nyama nyeupe unayoikuna kwenye mbuzi ni endospermu iliyokwisha kujenga kuta. Sijawahi kusahau "seti tatu" tangu siku niliyoifunga kwenye tui.

Vivyo hivyo kwa njia za kunasa kaboni. Mahindi na miwa ni kundi la C4, yaani kaboni wanayonasa huingia kwanza kwenye molekuli yenye kaboni nne. Nanasi na mkonge ni CAM, zinafungua vitundu vya majani usiku ili zisipoteze maji mchana, na anayeyajua mashamba ya mkonge ya Tanga hahitaji kuambiwa jua la mchana lina nini. Mche unaopinda kuelekea dirishani: auksini, homoni ya ukuaji, inajikusanya upande wa kivuli, seli za upande huo zinarefuka zaidi, shina linainama kwenye mwanga. Zailemu inapandisha maji, floemu inasafirisha sukari. Mbegu ya mhindi ina ghala moja la chakula (kotiledoni), ya maharage ina mawili. Ukiyajua haya kwa mifano, mimea inakuwa mahali pa kuokota alama kirahisi.

Dalili: theluthi ya mwisho unaiona "ya maneno maneno tu"

Ikolojia na evolusheni huachwa wiki ya mwisho kwa kisingizio kwamba zinaeleweka zenyewe. Kisha linakuja swali la Hardy na Weinberg, la kukokotoa wingi wa jeni katika jamii, na mtu anaganda.

Tulifanye hapa hapa. Sifa fulani iliyofichika inaonekana kwa asilimia 16 ya watu katika jamii iliyo kwenye mizania. Ni asilimia ngapi wanaibeba bila kuionyesha? Ita q sehemu ya jeni iliyofichika, na p ile ya jeni inayotawala. Wanaoionyesha ni q², yaani 0.16, kwa hiyo q ni 0.4. p ni kilichobaki hadi 1, yaani 0.6. Wabebaji ni 2pq: 2 mara 0.6 mara 0.4, sawa na 0.48. Jibu asilimia 48. Kosa la kila mtu ni moja: anaichukua 0.16 anaiita q. Anza siku zote na wale wanaoonyesha sifa iliyofichika, tafuta kipeuo cha pili, mengine yanafuata.

Na usiishie kwenye hesabu. Uliza jeni ya selimundu imebakije kwa wingi katika nchi zetu wakati anayerithi nakala mbili anaumwa vibaya. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha jibu mwaka 1954 kutokana na kazi yake Afrika Mashariki: mwenye nakala moja anapata kinga dhidi ya malaria kali. Hapo umeshika uchaguzi wa asili, urithi na ikolojia kwa mfano mmoja, na pengine mfano huo uko nyumbani kwenu. Samaki wa Ziwa Victoria aina ya sichilidi, waliochipuka spishi mamia ndani ya ziwa moja, watakusaidia kwenye mtawanyiko wa spishi. Nyumbu wa Serengeti watakusaidia kwenye ukomo wa idadi unaowekwa na malisho.

Tabia za wanyama ni mada fupi. Wajue watatu waliopewa Nobel pamoja mwaka 1973: Karl von Frisch na dansi ya nyuki, Konrad Lorenz na vifaranga vya bata bukini waliomfuata kama mama yao, Niko Tinbergen na vichocheo vya tabia za kuzaliwa. Saa mbili zinatosha.

Wapo wanaoiruka evolusheni kwa sababu ya imani. Nawaheshimu, ila swali linauliza nadharia inasema nini, haliulizi unasali wapi. Ijibu kama unavyoweza kueleza sheria za mpira wa timu usiyoishangilia.

Dalili: unakijua kitu, swali linakupotosha

Mara nyingi ni daftari la zamani. Ulifundishwa himaya tano. Wamarekani wanaanza na domeni tatu, Bakteria, Arkea na Yukaria, kufuatia kazi ya Carl Woese, ndipo himaya zinafuata. Ulifundishwa adrenalini, huku utakutana pia na epinefrini, na ni homoni ile ile. Estrojeni, ambayo vitabu vyetu vya Kiingereza vilianza kuiandika kwa herufi o, Wamarekani wanaianza kwa e, na ukiitafuta kwenye faharasa pahali pasipo pake utadhani haimo. Tengeneza ukurasa mmoja wa majina mawili mawili. Wangu ulikuwa na mistari kama thelathini, ukatosha.

Mara nyingine ni muundo wa swali. Kuna mafungu ambapo orodha moja ya majibu inatumika kwa maswali kadhaa, na jibu moja laweza kutumika mara moja, zaidi ya mara moja, au lisitumike kabisa. Sisi tuliozoea kuoanisha fungu A na fungu B tunakata herufi iliyokwisha tumika. Usikate. Na maswali ya "yote ni kweli isipokuwa" yasome mara mbili, hasa baada ya dakika ya sitini ukiwa umechoka.

Dalili: muda unaisha ukiwa swali la 80

Dakika 90 kwa maswali 115 ni kama sekunde 47 kwa swali moja. Hakuna alama inayokatwa kwa kukosea, kwa hiyo swali tupu ni hasara tupu.

Mtu anayeishiwa muda huwa anasoma kwa kutafsiri kichwani. Dawa ni kufanya maswali 25 kwa dakika 20, mara tatu kwa wiki, mwezi wa mwisho, kwenye kompyuta na siyo kwenye karatasi. Lisilokuja ndani ya dakika moja, chagua unaloliona la karibu, liwekee alama ya kurudi, endelea. Rudi mwishoni ukiwa na utulivu wa mtu aliyemaliza.

Dalili: majaribio hayapandi

Ukipata alama ile ile mara tatu mfululizo, acha kufanya majaribio. Unapima homa kila saa bila kunywa dawa.

Fungua daftari la makosa. Kila swali ulilokosa lipe herufi: H kama hukujua kabisa, S kama ulijua ukasahau, V kama ulisoma vibaya. Baada ya maswali mia moja, hesabu. H zikiwa nyingi, na zimerundikana kwenye fungu moja, rudi ukasome fungu hilo tu. S zikiwa nyingi, vitabu vipya ni kupoteza muda. Unahitaji kadi na karatasi tupu. V zikiwa nyingi, una tatizo la mwendo au usingizi. Wengi wakihesabu wanakuta ugonjwa waliokuwa wanautibu sio ule walio nao.

Kama alama zinapanda kwenye chanzo kimoja na kuporomoka kwenye kingine, umekariri maswali ya kile cha kwanza. Amini kile cha pili.

Dalili: wiki ya mtihani, jina linagoma

Fupi hili, lakini limewarudisha watu mlangoni. Wengi wetu tuna majina matatu, na huku la kati hupotea, la baba huwa la ukoo, kitambulisho kinasema hivi na akaunti ya mtihani inasema vile. Jina ulilojisajilia lilingane na la kitambulisho utakachobeba. Likague mara tu unapojisajili, maana marekebisho yanachukua siku. Ukichagua kufanyia nyumbani ukisimamiwa kwa kamera, soma masharti ya kompyuta na chumba mapema, na mwambie kila mtu ndani ya nyumba. Mlango ukifunguliwa na mtoto anayeuliza uji uko wapi, msimamizi hataona cha kuchekesha.

Dalili: umepata 46

Matokeo ya biolojia unayaona kwenye skrini papo hapo. Ukikosa, unasubiri miezi mitatu kabla ya kurudia, na ripoti inakupa alama moja tu bila kukuonyesha ulianguka fungu gani. Kwa hiyo jioni ile ile, kabla hujampigia mtu simu, andika maeneo yaliyokutesa. Maswali yenyewe hairuhusiwi kuyatoa nje, lakini kujiandikia "figo, mimea, michoro ya urithi wa ukoo" ni mali yako. Kumbukumbu hiyo baada ya siku tatu huwa imeyeyuka.

Kisha pumzika wiki mbili kamili. Miezi miwili na nusu inayobaki, ukiwa na saa 6 kwa wiki, ni zaidi ya saa 60, na safari hii hazigawanywi sawa: nusu ziende kwenye maeneo uliyoyaandika usiku ule, nusu ziyashike yale unayoyajua yasilale. Tarehe mpya iweke kabla hujafungua kitabu. Na kama vocha ya kwanza imeshatumika, anza kuweka pembeni dola kumi kumi kila malipo ya mshahara, ada ya marudio isikukute mkono mtupu.